Lenzi Inyumbukayo na Haki ya Kuona Karibu

Mtu apitaye umri wa miaka 40 katika nchi ya Ugogo huanza kuona mambo kinyume cha alivyozoea. Mbuzi walio kilimani huwatambua mmoja mmoja, bali changarawe iliyo katikati ya punje za mtama humshinda kuipambanua. Huko Mkonze, kata ya jiji la Dodoma, kama ilivyo kwingineko duniani, bibi humwita mjukuu amtie uzi katika tundu la sindano. Wengi hulihesabu jambo hili kuwa ni ada ya uzee. Walakini historia ya juhudi za kuliondoa ni ndefu, na haijafika mwisho.

Asili yake ilijulikana kwa taabu. Ibn al-Haytham, aliyeandika Kitab al-Manazir katika karne ya 11, alieleza kwamba jicho huona kwa nuru iliingiayo kutoka nje, wala si kwa mwali ulitokao. Namna jicho libadilishavyo nguvu yake ilingoja hata mwaka 1801, Thomas Young wa Uingereza alipolifunika jicho lake mwenyewe kwa maji, akabatilisha kazi ya kioo cha mbele, akakuta uwezo ule ungalipo. Basi haukosi kuwa ndani, katika lenzi. Mwaka 1855 Hermann von Helmholtz wa Ujerumani alifafanua utendaji wake: msuli uizungukao lenzi ukikaza, nyuzi ziishikazo hulegea, nayo lenzi hujikusanya ikawa nene, ndipo kilicho karibu huonekana wazi. Mtoto wa miaka 10 aweza kuongeza nguvu ya dayopta kama 14. Mtu wa miaka 60 hubakiwa na 1 tu au pungufu, na kusoma kitabu kilicho umbali wa sentimita 40 kwahitaji 2.5. Lenzi imekuwa ngumu, lakini msuli ungali hai. Katika tofauti hiyo ndimo lilimozaliwa tumaini la wabunifu.

Aliyethubutu kwanza kutia lenzi ya kutengenezwa ndani ya jicho la mwanadamu ni Harold Ridley, daktari aliyepata kuchunguza upofu wa mtoni huko Gold Coast, Ghana ya leo, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Aliona kwamba vipande vya plastiki vya madirisha ya ndege za kivita, vilivyoruka na kuingia machoni mwa marubani, vilikaa humo bila kuleta uvimbe mkubwa. Tarehe 29 Novemba 1949, katika Hospitali ya St Thomas', London, alimpasua mgonjwa wa mtoto wa jicho, akamtilia lenzi ya plastiki ya namna ile. Wakubwa wa taaluma yake walimpinga kwa miaka mingi. Cheo cha Sir alikipata mwaka 2000, naye akafariki mwaka uliofuata. Hata hivyo lenzi yake haikunyumbuka. Ilirudisha mwanga, lakini haikurudisha uwezo wa kuhamisha macho kutoka mlimani hadi kitabuni.

Upungufu huo ulifuatwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza, iliyoanzwa na Julius Kessler mwaka 1964 na kuendelezwa na Jean-Marie Parel, ni kuutoa ute mgumu wa lenzi, kukiacha kifuko chake, na kukijaza utomvu laini. Njia ya pili ni lenzi iliyotengenezwa isogee mbele msuli ukazapo. Ya namna hiyo, iitwayo Crystalens, iliruhusiwa Marekani mwaka 2003. Njia zote mbili zimekutana na adui mmoja, nacho ni kifuko chenyewe. Baada ya kupasuliwa hufanya kovu, hukunjamana na kukakamaa, hata msuli ukavuta bila kuitikiwa. Kwa sababu hiyo msogeo uliopimwa umekuwa mdogo, usiotosha kusomea.

Wakati huohuo wagonjwa wengi wa Afrika walikuwa hawajaipata hata lenzi isiyonyumbuka. Katika miaka ya 1975 hadi 1985, Allen Foster alipotibu macho katika hospitali ya Mvumi, kusini-mashariki ya Dodoma, hospitali nyingi za vijijini barani ziliitoa lenzi mbovu bila kutia nyingine, na mgonjwa akapewa miwani minene. Bei ya lenzi ilishuka pale kiwanda cha Aurolab kilipofunguliwa India mwaka 1992, na kingine kikafuata Asmara, Eritrea, mwaka 1994, kwa juhudi zilizoanzwa na Fred Hollows. Tangu mkono wa Ridley hadi kiwanda cha Asmara ilipita miaka 45.

Hapo pana fundisho. Uchunguzi uliofanywa wilayani Kongwa na kuchapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba watu kama 62 katika kila 100 wenye miaka 40 na zaidi walikuwa na udhaifu wa kuona karibu, na wachache mno walikuwa na miwani. Miwani ya kusomea ilianza kutumiwa Italia mwishoni mwa karne ya 13! Chombo kilichovumbuliwa zaidi ya miaka 700 iliyopita kilikuwa hakijamfikia mchambua mtama wa Kongwa.

Kwa hiyo anayebuni lenzi inyumbukayo hana budi kuyashinda mambo mawili: ukaidi wa kifuko cha jicho, na urefu wa njia itokayo maabara kwenda kijijini. La kwanza ni kazi ya ustadi, na dalili zake ni njema. La pili haliwezi kuachiwa ustadi peke yake, kwa kuwa halitokani na umbile la jicho, bali na mipango ya wanadamu.