Kuzunguka na Kutangua

Mfasiri anayetoa maneno katika Kiingereza na kuyatia katika Kiswahili hukutana mapema na makundi mawili ya vitenzi ambayo, kwa mtazamo wa kwanza, hayana udugu. Kundi la kwanza ni la mwendo wa duara: "revolve", "rotate" na wenziwe. Kundi la pili ni la kuliondolea nguvu jambo lililokwisha kuamuliwa: "revoke", "repeal", "cancel", "annul". Lakini ukiyafuata hadi Kilatini yalikotoka, udugu hujitokeza. "Revolve" ni kubingirika kurudi nyuma. "Revoke" ni kuita kitu kirudi. Amri inayoondoshwa ni kama mjumbe aliyekwisha kutumwa, kisha akaitwa arejee kwa bwana wake. "Cancel" nayo ina asili ya mikono ya makarani: ni kuchora mistari ya kukingamana juu ya maandishi, mfano wa wavu wa dirisha.

Kiswahili hakikupita njia hiyo. Chenyewe kimeliweka jambo katika mkia wa kitenzi. Funga, fungua, kunja, kunjua, ziba, zibua, tega, tegua. Samaki walioanikwa juani huko Bagamoyo huanuliwa jua linapokuchwa. Mtego uliotegwa hutegulika. Wanasarufi huiita kauli hii ya kutendua. Na tuangalie vyema: kauli ya kutendua haikani kitendo cha kwanza. Mlango uliofunguliwa ulikuwa umefungwa, na anayesema "fungua" amekwisha kushuhudia kufuli.

Kwa sauti na kwa maana, katika ukoo huo yumo "tangua". Wasomaji wa visiwani wanamjua kwa njia ya ibada kabla ya kumjua kwa njia ya sheria. Udhu hutanguka, na aliyetangukiwa na udhu hutawadha tena. Lakini swala aliyoiswali kabla ya hapo imeswaliwa. Ndoa hutanguliwa, wala watoto waliozaliwa ndani yake hawawi wa haramu kwa sababu hiyo. Kutangua, basi, ni kukata nguvu ya jambo kuanzia hapa kwenda mbele, na kuyaacha yaliyopita yasimame kama yalivyokuwa. Si sawa na kubatilisha, kwa kuwa kilicho batili huhesabiwa kuwa hakikupata kusihi tangu mwanzo. Wala si sawa na kufuta, maana kilichofutwa ubaoni hakiachi alama. Kiingereza kina njia zake za kuzitenga maana hizi, lakini mara nyingi huhitaji maelezo marefu ya wanasheria. Kiswahili kimezigawa kwa vitenzi vitatu.

Tofauti hii si ya wanafunzi wa sarufi peke yao. Kamusi zetu za kwanza zilitungwa katika miaka ileile ambayo biashara ya kuuza watu ilikuwa ikipigwa vita katika mwambao huu. Edward Steere alitoa kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili mwaka 1870. Tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa, na mwaka huohuo misheni ya Steere ikaanza kujenga kanisa lake Mkunazini, mahali palipokuwa soko. Kamusi ya Krapf ikatoka mwaka 1882. Ng'ambo ya pili, Bagamoyo, mapadri wa Roho Mtakatifu walikuwa wamefika tangu 1868 na kuanzisha kijiji cha waliokombolewa. Katika misheni hiyo ndimo alimofanya kazi Charles Sacleux, aliyefika mwambao mwaka 1879 na kuondoka 1898, na aliyetoa kamusi ya Kifaransa na Kiswahili mwaka 1891. Mabwana hao waliishi miongoni mwa watu waliokuwa wametoka utumwani. Palipotafutwa neno la "funga" na la "fungua", wasemaji waliokuwa karibu waliyajua maneno hayo kwa miili yao.

Je, utumwa wenyewe ulifanywa nini? Vitabu vya shule husema ulifutwa. Tuzitazame tarehe. Unguja na Pemba, tangazo la Sayyid Hamoud la tarehe 6 Aprili 1897 liliiondoa hadhi ya utumwa mbele ya sheria, lakini mtumwa alipaswa aende mwenyewe kuuomba uhuru wake, bwana aliweza kulipwa fidia, na masuria waliachwa nje mpaka 1909. Bagamoyo mambo yalikwenda polepole zaidi. Utawala wa Wajerumani haukupata kuukomesha utumwa kwa sheria moja. Ulitoa hati za uhuru kwa waliokombolewa au waliojikomboa, na kwa amri ya mwaka 1904 ukasema kuwa watoto watakaozaliwa na watumwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Mama akabaki mtumwa na mwanawe akawa mwungwana, chini ya paa moja. Sheria ya kuukomesha kabisa ilikuja mwaka 1922, chini ya Waingereza. Kati ya Unguja na Bagamoyo, safari ambayo jahazi huimaliza kwa siku, sheria ilichukua miaka 25.

Jambo lililokwenda kwa mwendo huo halikufutwa. Lilitanguliwa, fundo baada ya fundo, na kamba ikabaki na mikunjo yake. Ilionekana katika posa zilizokataliwa kwa hoja ya nasaba, na katika minong'ono ya nani mwungwana na nani si mwungwana, miaka mingi baada ya 1922. Anayesema "ulifutwa" huwapa wasomaji ubao mweupe. Anayesema "ulitanguliwa" huwaambia kwamba palikuwa na fundo, kwamba pana mikono iliyolifunga, na kwamba pana mikono iliyolifungua, mingi yake ikiwa ya watumwa wenyewe waliotoroka, waliojikomboa na waliokwenda kudai hati.

Turudi kwenye duara. Kiingereza kililitoa neno lake la mapinduzi katika mizunguko ya mbingu: kabla halijawa neno la siasa lilikuwa la wanafalaki, na Copernicus alilitia katika jina la kitabu chake cha mwaka 1543. Gurudumu la mbingu huzunguka likarejea lilipoanzia. Sisi tulipohitaji neno la yaliyotokea Unguja tarehe 12 Januari 1964, hatukulichukua zunguka. Tulilichukua pindua, kitenzi cha mashua inayokwenda juu chini. Kilichozunguka hurudi mahali pake; kilichopinduka hakirudi mpaka kiinuliwe kwa mikono. Neno letu, basi, limebeba swali ambalo lile la Kiingereza halina: baada ya kupindua, nani atakiinua chombo, na kitaelekezwa wapi?

Washairi walikwisha kulijua hilo. Tuna shairi la pindu, ambalo tamko la mwisho la ubeti hugeuka likawa la mwanzo wa ubeti unaofuata: ni mzunguko, lakini kila mara umesonga mbele. Tuna na kibwagizo, kinachorejea kila ubeti kama mtu anayezunguka nyumba. Nacho kimetokana na kubwaga, kitenzi kilekile ambacho wengi hukisikia katika jina la Bagamoyo. Wengine husema hapo wapagazi walibwaga mizigo na nyoyo zikatua. Wengine, kwamba hapo watumwa walibwaga nyoyo zao kwa kukata tamaa. Kitenzi hakiwaamulii. Kinasema tu kwamba kitu kilikuwa kimebebwa.

Tangu mwaka 2021 sheria ya Tanzania imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na kazi ya kuzifasiri sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza imekuwa kubwa. Makarani na wafasiri watakutana kila siku na "repeal", "revoke" na "annul", na mkono mwepesi utaandika "futa" kila mahali. Wasifanye hivyo. Penye batili waseme batili. Palipofutwa kweli, waseme futa. Lakini pale ambapo watu waliishi chini ya sheria, wakaozwa kwayo, wakafungwa kwayo, wakazaa na kuzikana kwayo, waseme imetanguliwa, ili mtoto atakayeisoma ajue kwamba ilikuwapo.