Mnyama Asiyeumwa na Mbung'o: Historia ya Baiskeli Mikindani, Toka Chuma Kizito Hata Springi Mbili

Mwezi wa Machi 1866, Daktari David Livingstone, alipoona kwamba kingo za mdomo wa mto Ruvuma hazikufaa kushushia wanyama, alirudi kaskazini kidogo akatia nanga katika ghuba ya Mikindani, akashusha pwani ngamia, nyati wa Kihindi, baghala na punda, azma yake ikiwa ni kutazama kama viumbe hao wangeweza kuwastahimili mbung'o wa njia ya kwenda Ziwa Nyasa. Jaribio lile halikufaulu. Katika miezi michache wanyama wale walikuwa wakifa mmoja baada ya mmoja, kwa maradhi, kwa mizigo mizito na kwa mapigo ya waliokabidhiwa kuwatunza, na msafiri akaendelea kama walivyoendelea wasafiri wa bara hii kabla yake, yaani kwa miguu, mizigo ikiwa juu ya vichwa vya watu.

Habari hiyo ndiyo usuli wa jambo ninalotaka kulieleza. Nchi hii ya kusini mwa Tanzania, tangu ukingo wa maji pale Mikindani hata uwanda wa juu wa Wamakonde, na toka huko hata Nyasa, haikuwa na mnyama wa kubeba. Misafara ya Wayao iliteremka kutoka bara na pembe za ndovu na watumwa, na majahazi yakangoja ghubani kwa msimu wake, lakini kila frasila iliyofika forodhani ilifika kwa bega la mwanadamu, aghalabu mwanadamu asiyekuwa na hiari. Atakaye kufahamu kwa nini baiskeli ilipokewa hapa kwa mapenzi makubwa kuliko yale iliyopata katika miji iliyoibuni, sharti akumbuke hayo kwanza: ilikuwa mnyama wa mzigo wa kwanza ambaye mbung'o hakumweza.

Chombo chenyewe kilizaliwa mbali. Mwaka 1817 Karl Drais wa Mannheim, Ujerumani, alitoa gari la magurudumu mawili lisilo na pedeli, ambalo mpandaji wake alilisukuma kwa kupiga ardhi miguu. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, akauza baiskeli aliyoiita Rover, ambayo magurudumu yake yalikaribiana ukubwa na mnyororo wake ulizungusha gurudumu la nyuma, umbo lililobaki hata leo. Na mwaka 1888 John Boyd Dunlop, tabibu wa wanyama aliyekaa Belfast, akapata hataza ya mpira uliojazwa upepo. Upepo ule ndio uliokuwa springi ya kwanza iliyoenea, kwani kabla yake mifupa ya mpandaji ilipokea kila jiwe la njia bila ya kizuizi. Wajerumani walipolijenga Boma la Mikindani mwaka 1895, baada ya kuyazima kwa silaha maasi ya watu wa pwani yaliyoanza mwaka 1888, Rover ilikuwa na umri wa miaka 10 tu.

Katika zama hizo baiskeli ilikuwa chombo cha maofisa, wamishenari na matajiri wa maduka. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walipoishika Tanganyika, ikashuka daraja kwa daraja, kwa makarani na walimu, kisha kwa wachuuzi, na hatimaye kwa mkulima aliyeuza mazao yake akabakiwa na akiba. Majina ya viwanda vya Kiingereza, Raleigh ya Nottingham, na Phillips na Hercules za Birmingham, yakawa maarufu katika maduka ya Wahindi kama majina ya vitambaa. Serikali nayo haikukawia kuiona neema hiyo: baiskeli ikatakiwa leseni, na mpandaji wa usiku akatakiwa taa.

Kisha ukaja mpango wa karanga wa mwaka 1947, uliokusudia kuzigeuza pori za Nachingwea kuwa mashamba makubwa ya kuilisha Uingereza mafuta, ukavunjika mwaka 1951 baada ya kula fedha nyingi. Mpango ule ulituachia bandari ya kina kirefu ya Mtwara, mji mpya kiasi cha kilomita 10 toka Mikindani, ambao uliiondolea Mikindani biashara yake na heshima yake ya kiserikali. Ulituachia pia reli ya kwenda Nachingwea, lakini reli hiyo ilifungwa katika miaka ya mwanzo ya 1960 na vyuma vyake vikang'olewa, na sasa imebaki jina la kata ya Reli mjini Mtwara. Wala barabara haikulijaza pengo lile upesi. Mto Rufiji ulipofurika, kusini ilikatika na Dar es Salaam, na hali hiyo ilidumu mpaka mwaka 2003, lilipofunguliwa daraja lililopewa jina la Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso katika Masasi. Kwa muda wote huo, ilhali treni imekwenda na lori halina yakini ya kufika, baiskeli ilikuwa ndiyo serikali ya njia.

Katika miaka Wachina walipojenga reli ya TAZARA, na bidhaa za Kichina zikajaa madukani, Phoenix ya Shanghai ilikalia kiti cha Raleigh. Zikafuata Hero na Avon za Ludhiana, India, na Swala, baiskeli yetu wenyewe iliyotengenezwa Dar es Salaam katika enzi ya viwanda vya umma. Zote zilikuwa za aina moja: fremu ya chuma kizito, breki za fito, gurudumu kubwa, tandiko pana la ngozi. Nazo hazikuachwa kama zilivyotoka kiwandani. Fundi baiskeli wa kusini, ambaye karakana yake ni kivuli cha mwembe, ndoo ya maji ya kutafutia pancha na sanduku la spana, alizifanyia kazi ambayo mhandisi wa Nottingham hakuiwaza. Aliongeza vyuma viwili kandokando ya foki ili isipinde. Aliitupa keria ya kiwandani akachomelea nyingine ya nondo, yenye uwezo wa kuchukua gunia la korosho. Alibadili spoku nyembamba akatia nene. Na mipira ya tyubu zilizochakaa akaikata mikanda ya kufungia mzigo, mikanda ambayo hakuna kamba inayoishinda kwa kushika.

Kwa chombo kilichosilimishwa hivyo, samaki wa Mikindani walipanda milima ndani ya matenga kabla jua halijawa kali, na korosho zikateremka kwenda ghalani. Uwanda wa Wamakonde hauna mito. Maji yake yamo chini, mabondeni, na yule aliyeyabeba kwa kichwa miaka mingi alikuwa mwanamke. Baiskeli yenye madumu manne imepunguza taabu hiyo katika vijiji vingi, japokuwa yafaa isemwe bila kificho kwamba mara nyingi mwenye baiskeli alikuwa mume, na mwenye dumu kichwani akabaki kuwa mke.

Sasa twende upande wa pili wa dunia, kwani huko lilitokea jambo lenye udugu wa ajabu na haya yetu. Katika miaka ya 1970, vijana wa wilaya ya Marin, California, waliokaa chini ya mlima Tamalpais, walichoka na baiskeli nyepesi za barabarani, wakaenda kuokota baiskeli za kale za Schwinn, za miaka ya 1930 na 1940, nzito za chuma na zenye matairi mapana, wakazipandisha mlimani na kuziteremsha kwa kasi katika njia za mawe. Tarehe 21 Oktoba 1976 walifanya shindano la kwanza katika mteremko walioupa jina la Repack, maana joto la breki lilichoma grisi yote iliyokuwa ndani ya habu ya nyuma, na kila baada ya mteremko ikalazimu kushindiliwa upya. Mwaka 1977 mmoja wao, Joe Breeze, aliunda fremu mpya makhususi kwa kazi ile. Wenzake Gary Fisher, Charlie Kelly na Tom Ritchey wakaanza kuziuza. Na kabla ya miaka 10 kupita viwanda vikubwa vilikuwa vikizitoa kwa maelfu. Mwishoni mwa mwaka 1984 Waingereza wawili, Nicholas na Richard Crane, walizifikisha baiskeli za namna hiyo kileleni Kilimanjaro. Watu wa California wakasifiwa kuwa wavumbuzi wa baiskeli ya njia mbovu, na sifa hiyo ni haki yao kwa upande wa fremu na gia. Lakini kupita kwa baiskeli nzito ya chuma mahali pasipo barabara, jambo hilo mchuuzi wa samaki wa Mikindani alikuwa akilifanya siku zote, tena akiwa na tenga nyuma yake.

Walichoongeza wao, na ambacho sisi hatukuwa nacho, ni springi. Mwaka 1989 Paul Turner alianza kuuza foki yake ya RockShox, ambayo miguu yake huingia na kutoka kwa nguvu ya upepo, na mafuta yaliyo ndani yake huizuia isiruke ovyo; na katika miaka ya 1990 mafundi mbalimbali wakaipasua fremu yenyewe vipande viwili, wakaviunga kwa beringi na kuweka shokapu katikati, ili gurudumu la nyuma nalo liwe na uhuru wa kupanda na kushuka. Mwaka 1996 mchezo huo uliingia katika Olimpiki ya Atlanta. Faida ya springi mbili si raha ya makalio peke yake, kama wengi wadhanivyo. Gurudumu lisilo na springi, likigonga jiwe, huruka hewani, na likiwa hewani halina breki wala usukani. Lenye springi hulifuata jiwe, likapanda nalo na kushuka nalo, likibaki limeishika ardhi. Hapo ndipo mpandaji anapopata mamlaka juu ya chombo chake katika mteremko ambao mwingine angeshuka akikokota.

Anayetaka kuyaona hayo kwa macho yake na aende Newala, mahali paitwapo Shimo la Mungu, ambapo uwanda unakatika ghafula na bonde la Ruvuma linajitandaza chini hata Msumbiji. Njia za miguu zinazoteremka huko, zilizochimbwa na mvua na kujaa mizizi, ndizo hasa baiskeli hii iliundiwa. Nyuma ya mji wa Mikindani napo pana vilima vyenye vijia vya kokoto, vifupi lakini vikali, ambavyo mpandaji huvishuka akiitazama bahari. Lakini katika mchanga wa Msimbati, ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na maingilio ya Ruvuma, springi haimsaidii mtu. Huko kinachotakiwa ni tairi pana lililopunguzwa upepo, na subira.

Lazima niseme pia kwa nani chombo hiki hakifai. Baiskeli ya springi mbili haichukui mzigo, kwa kuwa sehemu yake ya nyuma inacheza, na keria ya nondo ikifungwa hapo, shokapu huzama na beringi huvunjika. Mkulima mwenye gunia na abaki na Phoenix yake; ana busara kuliko anayemcheka. Kadhalika zipo baiskeli za bei rahisi, mpya na za mtumba, ambazo springi zake ni chuma kilichosokotwa tu pasipo mafuta ndani, zinazorusha mpandaji na kumla nguvu kila apigapo pedeli. Hizo ni pambo, na afadhali baiskeli ya kawaida iliyo imara. Ile ya kweli ni ghali, na kuimiliki pwani ni kazi. Chumvi ya bahari hula beringi, mchanga hukwaruza miguu ya foki hata mafuta yakavuja, na shokapu ya upepo hutaka pampu yake maalumu yenye kipimo, ijazwe kwa kadiri ya uzito wa mpandaji. Mwenye nayo sharti aifute kwa kitambaa kila arudipo, na asiiache ilale ufukoni.

Je, chombo kisichobeba kitu kina nafasi gani katika nchi ambayo baiskeli imekuwa mbebaji tangu mwanzo? Wapo waionao kuwa ni anasa na mchezo wa wageni. Mimi naona kinyume. Katika njia hizi ambazo watu walipita vizazi kwa vizazi wakiwa wameinamishwa na mizigo, wengine wakiwa wao wenyewe ndio bidhaa, kijana wa Mikindani anayeteremka kwa furaha, hana kitu mgongoni ila chupa ya maji, anafanya jambo jipya na jema, wala hapaswi kuombewa radhi. Wala furaha hiyo si lazima ikomee kwenye furaha. David Kinjah wa Kenya, bingwa wa baiskeli za milimani, aliwafundisha vijana wa mji wa Kikuyu nyumbani kwake, na mmoja wa waliopita mikononi mwake, Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alikuja kushinda Tour de France mara 4 baina ya 2013 na 2017. Septemba 2025 Kigali ilipokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza katika bara la Afrika, na vilima vya Rwanda vilitazamwa na ulimwengu mzima.

Kusini tunayo miteremko, tunao vijana, na tunao mafundi ambao mikono yao ilikwisha thibitisha akili yake. Lililopungua ni maarifa ya shokapu na breki za mafuta, na hayo yanafundishika. Nawaomba walimu wa chuo cha ufundi cha VETA Mtwara wayaingize katika mafunzo yao, na wenye baiskeli hizi wazipeleke kwa fundi wa chini ya mwembe wakae naye zinapofunguliwa, badala ya kuzisafirisha Dar es Salaam. Nanyi mlio na babu aliyewahi kupandisha samaki Newala kwa Raleigh, ketini naye mwezi huu na kalamu, mwandike njia alizopita na majina ya vijiji alivyolala, angali yu hai wa kusimulia.