Tulikimbia, Nilikimbia

Kati ya "tulikimbia" na "nilikimbia" pana tofauti ya silabi moja. Katumba, kwenye makazi yaliyo karibu na Mpanda mkoani Katavi, neno la kwanza limesemwa kwa zaidi ya miaka hamsini. La pili ni nadra kulisikia. Mimi ni mjukuu wa watu waliolisema la kwanza, na sasa nasomea shahada ya uzamili katika historia. Naamini la pili ndilo tunalokaribia kulipoteza.

Tuanze na sababu ya kukimbia. Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulizuka kusini mwa Burundi. Serikali ya Michel Micombero iliuzima, kisha ikaendelea kuua Wahutu kwa miezi. Makadirio ya waliouawa huanzia watu 100,000 hivi na kupita 200,000. Warundi huuita mwaka huo Ikiza, yaani janga. Waliosoma ndio waliosakwa zaidi: walimu, wanafunzi, makarani, wafanyabiashara. Kujua kuandika kulitosha kumtia mtu hatarini. Hivyo wengi waliovuka kuja Tanzania walikuwa wakulima, na wale ambao wangeandika habari zao walikuwa wamebaki makaburini.

Katumba ilianzishwa 1973. Serikali ya Tanzania, UNHCR na shirika la Kilutheri la TCRS waliisimamia kwa pamoja. Watu walipewa mashamba msituni, wakafyeka, wakalima mahindi, mihogo na tumbaku. Ukisoma ripoti za makazi kama haya utaona vitenzi vya aina moja: walipokelewa, waligawiwa, walihamishwa. Visima vimehesabiwa, na magunia pia. Anayesema "mimi" hayumo.

Mwanaanthropolojia Liisa Malkki alilitazama jambo hili kwa karibu katikati ya miaka ya 1980. Alifanya utafiti Mishamo, makazi ndugu ya Katumba, na pia Kigoma mjini. Kitabu chake, Purity and Exile, kilitoka 1995. Aligundua kwamba watu wa makazini walikuwa wamejenga masimulizi ya pamoja kuhusu Burundi, yanayofanana kutoka mdomo mmoja hadi mwingine, hata akayapanga kitabuni kama paneli zinazobeba sauti za wengi. Mjini Kigoma hali ilikuwa tofauti: kila mtu alijieleza kwa namna yake, wengine wakikwepa kabisa kuitwa wakimbizi. Mwaka uliofuata aliandika makala kuhusu namna misaada inavyowageuza wakimbizi kuwa watu wasio na usemi, ambao majeraha yao huaminiwa kuliko maneno yao.

Siwalaumu wazee kwa hiyo kwaya yao. "Sisi" ilikuwa paa. Mtu aliyepoteza nyumba, ndugu na uraia kwa mpigo mmoja anahitaji masimulizi ambayo hayatamtegemea yeye peke yake. Na kusema "mimi" kulikuwa na gharama. Marc Sommers, katika Fear in Bongoland cha 2001, anaeleza maisha ya vijana kutoka makazi haya waliokwenda Dar es Salaam kushona nguo. Sheria iliwataka wakae makazini na kuwa na kibali cha kutoka, kwa hiyo walijificha mjini, na wengine walidai ni watu wa Kigoma. Ulimi ndio uliokuwa msaliti. Kirundi hupeleka "l" nyingi kwenye "r", na neno moja lililoteleza lingeweza kumfichua fundi mbele ya mteja.

Nayajua haya kwa sababu nyanya yangu, ambaye nyumbani tunamwita Nyogokuru, ana sauti mbili. Wageni wakija na daftari, husimulia kwa "tulikimbia": walikuja usiku, wakaua, tukatembea, tukafika. Ni masimulizi ya kweli, na karibu kila mzee wa rika lake anaweza kuyamalizia. Tukiwa wawili jikoni, husema jambo lingine. Alikuwa ameanika maharage uani. Aliyaacha yakiwa juu ya mkeka. Hadi leo hujiuliza kama jirani yake aliyaanua. Jirani huyo alikuwa Mtutsi, mwanamke waliyezoea kuazimana jembe, na Nyogokuru anatamani kuamini kwamba maharage yale yaliliwa na mtu aliyemfahamu.

Katika masimulizi ya "sisi" jirani huyo hayupo. Hana pa kukaa, kwa kuwa upande wake umeshajaa wauaji. Yupo katika "nilikimbia" peke yake. Akifa mwenye sauti hiyo, jirani naye anafutika, na pamoja naye ushahidi kwamba kabla ya Ikiza kulikuwa na uani, jembe la kuazimana na watu wawili wasioogopana.

Ndiyo maana naona tunapunja maana tunapozungumzia sauti ya mwandishi kana kwamba ni mapambo, namna ya kupanga maneno ili tutambulike. Sauti ya mtu mmoja ni mahali aliposimama, na kutoka hapo anaona kitu ambacho hakuna mwingine anayekiona. Wengi wakisema sentensi ileile, mwanahistoria anajifunza walichokubaliana kukumbuka. Mmoja akisema sentensi yake, tunapata kitu cha kuuliza, kupima, hata kubishia.

Kuanzia 2007 wakazi wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu waliulizwa kama watarudi Burundi au wataomba uraia. Watu wapatao 162,000 wakakubaliwa kuwa Watanzania, na vyeti vikaanza kugawiwa Oktoba 2014. Hofu ya mafundi wale wa Dar es Salaam imepungua, ingawa mazoea yake yamebaki. Wenzangu kadhaa waliokulia Katumba wanaandika vizuri sana, lakini wanaandika kama watu wasiotoka popote.

Msomaji mmoja wa rasimu ya tasnifu yangu alinishauri niyasafishe mahojiano, niweke Kiswahili sanifu. Nilikataa. Nyogokuru hasemi "kulala", husema "kurara", na kwa Kirundi neno hilo lina maana ya kukaa mahali usiku mmoja hadi kukuche. Anaposema "twararaga porini", hazungumzii usingizi. Anahesabu usiku. Nikiweka "l" pale, nimepata tahajia nzuri na nimepoteza hesabu.

Waliokuwa na miaka ishirini mwaka 1972 sasa wamepita sabini. Ukienda kwao na kinasa sauti, sikiliza "tulikimbia" hadi mwisho, kwa heshima, usimkatize mzee. Kisha uliza alichokuwa ameacha uani.