Bata mzinga waliotufunza kuanika mahindi

Hapa sokoni Kibaigwa, Dodoma, wakulima huninunia nikiwarudishia mahindi yasiyokauka. Wao huona ubahili. Mimi huona bata mzinga wa Uingereza.

Mwaka 1960 walikufa zaidi ya 100,000, na kwa kuwa sababu haikujulikana, ugonjwa ukaitwa X. Wachunguzi wakaifuata sababu hiyo hadi kwenye chakula: mashudu ya karanga kutoka Brazil. Uganda na Kenya nako vifaranga vya bata vilikuwa vikifa, tena kwa mashudu ya karanga za huku huku. Maabara zikavigeuza vifaranga kuwa kipimo: vililishwa kilichokamuliwa kwenye mashudu, kisha maini yao yakapasuliwa na kukaguliwa. Kazi ya kikatili, sikatai. Panya waliolishwa mashudu hayo walipata saratani ya ini.

Mhalifu alikuwa kuvu, Aspergillus flavus. Sumu yake hung'aa buluu au kijani chini ya taa ya urujuanimno, na moto wa kusongea ugali hauimalizi. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, mahindi yenye sumukuvu hiyo yaliwafanya watu 317 waugue, wakafa 125. Miaka 44 baada ya bata!

Kuvu huyo hustawi penye unyevu, kwa hiyo kipimo changu kikisoma unyevu zaidi ya asilimia 13.5, gunia linarudi juani, hata la shemeji.