Uanagenzi wa vijana katika redio za jamii wilayani Karagwe

Uanagenzi wa vijana katika redio za jamii ni njia ya kujifunza uandishi wa habari na utangazaji kwa kufanya kazi kituoni, chini ya mtangazaji mzoefu. Wanaojifunza kwa njia hiyo ni wanafunzi wa sekondari walio likizoni na vijana waliomaliza kidato cha nne wanaosubiri kuendelea na masomo. Tanzania mafunzo ya namna hii huitwa mafunzo kwa vitendo. Kwa lugha ya mitaani, fildi.

Makala hii inahusu hasa mazingira ya wilaya za Karagwe na Kyerwa katika Mkoa wa Kagera, pamoja na kata za vijijini kama Kanoni. Wilaya hizo mbili zilikuwa moja hadi mwaka 2012, Kyerwa ilipotengwa na Karagwe. Zinapakana na Uganda na Rwanda. Watu wake wengi ni wakulima wa ndizi, maharagwe na kahawa.

Historia

Kwa miaka mingi kijana wa Karagwe hakuwa na mahali pa kujifunzia redio karibu na kwao. Utangazaji ulioanza mwaka 1951 kwa Sauti ya Dar es Salaam ulibaki mikononi mwa serikali, na baada ya uhuru chombo kikuu kilikuwa Redio Tanzania Dar es Salaam. Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ndiyo iliyofungua mlango kwa vituo binafsi, na Radio One ikaanza mwaka uliofuata.

Mkoani Kagera mabadiliko yalikuja pamoja na wakimbizi. Mwaka 1995 shirika la Kijesuiti la kuhudumia wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera wilayani Ngara, kwa ajili ya watu waliokimbia vita vya Rwanda na Burundi. Wenyeji nao wakawa wasikilizaji wake. Redio za jamii zilifuata katika miaka ya 2000. Moja ya zilizotangulia nchini ni ile ya Orkonerei huko Terrat, wilayani Simanjiro, iliyoanza mwaka 2002 kati ya wafugaji wa Kimaasai.

Karagwe yenyewe ina redio FADECO iliyoko Kayanga, makao makuu ya wilaya. Ilitokana na shirika la maendeleo ya wakulima lililoasisiwa na Joseph Sekiku. Asili hiyo imeipa sura yake: kituo kilizaliwa na watu waliotaka maarifa ya kilimo yamfikie mkulima, si na kampuni iliyotafuta matangazo ya biashara. Katika kituo cha aina hiyo watumishi wa kulipwa ni wachache na wanaojitolea ni wengi, kwa hiyo kijana akijitokeza hupewa kazi mapema. Hiyo ni faida kwa anayejifunza, ingawa vilevile ni dalili ya uhaba wa fedha.

Wakati wa mafunzo

Nchi zilizo mbali na ikweta hutoa nafasi kama hizi katika likizo ndefu ya kiangazi. Tanzania haina likizo ya miezi mitatu. Shule hufungwa kwa muda katikati ya mwaka, mwezi Juni, na tena Desemba. Nafasi ndefu zaidi huwa ya wahitimu wa kidato cha nne, ambao hufanya mtihani wa taifa Novemba na kwa kawaida huanza kidato cha tano Julai ya mwaka unaofuata. Miezi hiyo ya kungoja ndiyo inayotosha kweli kumfundisha mtu kazi.

Likizo ya Juni ina jambo moja la kuipendelea: Siku ya Mtoto wa Afrika, tarehe 16 Juni, inayokumbuka wanafunzi waliouawa Soweto mwaka 1976. Vituo vingi hutumia siku hiyo kuwapa watoto maikrofoni. Lakini Juni ni pia msimu wa kuvuna kahawa Kagera, na mikono ya kijana inahitajika shambani. Mzazi anayeombwa kumruhusu binti yake kwenda kituoni kila asubuhi huombwa kwa kweli kuacha mchumaji mmoja, na nauli juu yake.

Kazi inavyofundishwa

Siku za mwanzo mwanagenzi husikiliza. Huonyeshwa meza ya kuchanganyia sauti, kipaza sauti na kompyuta ya kurushia vipindi, na hufunzwa kunyamaza taa nyekundu ikiwaka. Baada ya hapo hutumwa nje na kinasa sauti au simu kukusanya maoni ya watu sokoni. Zoezi hili linaonekana jepesi. Ugumu wake hugundulika kijana anaporudi na dakika 20 za upepo, honi za pikipiki na majibu ya “ndiyo” na “hapana”. Hapo hujifunza mambo ambayo darasani yangechukua wiki: kusogeza kipaza sauti karibu na mdomo wa msemaji, kuuliza “ilikuwaje?” badala ya “je, ni kweli?”, na kurekodi sekunde chache za sauti ya mahali penyewe kabla ya kuondoka.

Uhariri hufanywa kwa programu za kompyuta kama Audacity, ambayo haina malipo. Dakika 20 hupunguzwa kuwa mbili. Kisha huandikwa maelezo ya kuunganisha sauti, kwa sentensi fupi, kwa sababu msikilizaji hawezi kurudi nyuma kusoma tena. Maswali ya msingi ni yale yale ya kila chumba cha habari: nani, nini, wapi, lini, kwa nini na vipi.

Sehemu ngumu zaidi ni mizania, yaani kumpa nafasi kila anayetajwa katika habari. Mfano wa karibu ni butura, desturi ya mkulima mwenye shida kuuza kahawa yake ikiwa bado mtini kwa bei ndogo. Serikali imeipiga vita, lakini karibu kila kijiji kina anayenunua na anayeuza. Kijana wa Kanoni akiandaa kipindi juu ya butura, anayenunua huenda ni jirani, na aliyeuza huenda ni baba yake. Mwandishi anayetoka mjini angeondoka jioni. Mwanagenzi analala hapo hapo. Msimamizi mwenye busara humsaidia kuchagua nani asitajwe jina, na wakati mwingine humpa mwingine kazi hiyo.

Zipo pia habari ambazo mwanagenzi haachiwi peke yake. Tanzania imetangaza mlipuko wa ugonjwa wa Marburg mkoani Kagera mara mbili, Machi 2023 na Januari 2025. Katika siku kama hizo neno moja lililokosewa kuhusu dalili au njia ya maambukizi linaweza kuwafanya watu waikimbie hospitali.

Lugha

Nyumbani wengi wa Karagwe huzungumza Kinyambo, lugha iliyo karibu na Kihaya na Kinyankole cha Uganda. Kanuni za maudhui ya utangazaji za Tanzania zinataka vituo vitumie Kiswahili au Kiingereza, isipokuwa kwa idhini maalumu. Kwa hiyo kazi ya mwanagenzi huanza na tafsiri. Bibi anayeeleza vizuri jinsi mnyauko ulivyomaliza migomba yake huwa anaeleza kwa Kinyambo. Akilazimishwa Kiswahili, maelezo hupungua hadi sentensi mbili. Kijana aliyekulia lugha zote mbili ana ujuzi ambao mtangazaji mgeni hana. Shule iliyomtaka aache lugha ya nyumbani mlangoni haikumwambia kwamba siku moja ingekuwa chombo cha kazi.

Ng'ambo ya mpaka hali ni tofauti: redio nyingi za Uganda magharibi hutangaza kwa Kinyankole na Kikiga, na sehemu za Kyerwa husikika bila shida. Msikilizaji anayetaka kusikia lugha iliyo karibu na yake huhamisha mshale tu. Mawimbi ya FM husafiri kwa mstari ulionyooka, hivyo katika nchi ya milima kama hii kijiji kilicho nyuma ya kilima kinaweza kukosa kituo cha wilaya yake na kupata cha nchi jirani.

Sheria na umri

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa mtu wa chini ya miaka 18, na inampa haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 14. Aliyefikisha umri huo anaweza kufanya kazi nyepesi isiyodhuru afya wala masomo yake.

Kwa upande wa taaluma, Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ilileta ithibati kwa waandishi wa habari, na kanuni zake za mwaka 2017 ziliweka stashahada kuwa elimu ya chini. Waliokuwa kazini bila stashahada walipewa miaka mitano. Masharti hayo yaligusa redio za jamii kuliko magazeti ya Dar es Salaam, kwa kuwa watangazaji wengi wa wilayani walijifunzia kazi kituoni, wengine tangu wakiwa wanafunzi. Leo uanagenzi unaweza kumfikisha kijana hadi kuandaa kipindi, lakini akitaka kuitwa mwandishi wa habari lazima apite chuoni. Kwa mtu wa Kanda ya Ziwa, mojawapo ya vyuo vilivyo karibu ni Chuo Kikuu cha Mt. Augustino jijini Mwanza, ng'ambo ya ziwa.

Kwingineko

Shirika la Children's Radio Foundation lenye makao Cape Town, Afrika Kusini, limefundisha waandishi vijana pamoja na vituo vya jamii katika nchi kadhaa, Tanzania ikiwemo, na UNICEF imesaidia mitandao ya watoto wanahabari nchini. Femina Hip, iliyoanza mwaka 1999, ilisambaza vilabu vya Fema katika shule za sekondari. Wengi walianzia hapo kuandika na kujadili kabla ya kuona studio. Nchini Kenya, vijana wa Korogocho, Nairobi, hawakungoja kualikwa kituoni: mwaka 2006 walianzisha Koch FM yao wenyewe, studio ikiwa ndani ya kontena.