Kasi na Uhakika katika Njia Finyu: Kutoka Ngoma ya Walokele hadi Modemu

Historia ya mawasiliano aghalabu huandikwa kama historia ya kasi: tarishi akapitwa na simu ya upepo, simu ya upepo ikapitwa na simu ya mdomo, nayo simu ya mdomo ikapitwa na kompyuta. Masimulizi ya namna hiyo yana kasoro moja. Yanapima muda wa ujumbe kusafiri, lakini hayapimi muda wa ujumbe kueleweka. Ujumbe uliofika upesi hali umeharibika hauna budi kutumwa tena, na muda wa kuutuma tena ni sehemu ya safari yake. Kisangani, mji uliopo kwenye mto Kongo penye maporomoko ya Wagenia, ni mahali panapofaa kuichunguza kasoro hiyo, kwa kuwa njia zake za mawasiliano zimekuwa finyu na zenye kelele katika vipindi vingi vya historia yake.

Ngoma

Kandokando ya mto, chini ya Kisangani, wanaishi Walokele, watu mashuhuri kwa uvuvi na biashara. Ngoma yao ya mawasiliano huchongwa katika gogo moja lenye mwanya mrefu, na kingo mbili za mwanya huo hutoa sauti mbili, ya juu na ya chini. Kilokele ni lugha ya toni. Kwa hiyo ngoma huweza kuiga toni za maneno. Hata hivyo, haiwezi kuiga konsonanti wala irabu, na hapo ndipo ugumu ulipo. Neno "lisaka" laweza kuwa na maana ya dimbwi, ahadi au sumu kulingana na toni zake. Ngoma inazitenganisha maana hizo tatu, lakini toni za kila mojawapo ni toni za maneno mengine mengi pia. Mathalani, neno la mwezi na neno la kuku yana toni zilezile.

Mtaalamu aliyeueleza vizuri utatuzi wa Walokele ni John F. Carrington, mmisionari Mwingereza aliyefika Kongo mwaka 1938 na kufanya kazi Yakusu, karibu na Kisangani. Kitabu chake juu ya ngoma hizo kilitoka mwaka 1949, na baadaye alifundisha katika chuo kikuu kilichoanzishwa mjini humo mwaka 1963. Carrington alionyesha kwamba mpigaji hapigi neno peke yake, bali hulifunga katika kirai kizima kilichozoeleka. Mwezi hutajwa kuwa ndio unaoitazama nchi kutoka juu, naye kuku hutajwa kwa mlio wake. Kwa sababu hiyo ujumbe wa ngoma huwa mrefu mara kadhaa kuliko ujumbe wa mdomo. Wageni waliudhania urefu huo kuwa ni mapambo ya kishairi. Kumbe ni kinga: maneno mawili yakifanana, virai vyao havifanani, na msikilizaji aliyekosa mapigo mawili kwa ajili ya upepo huyajaza kwa yale aliyoyasikia.

Simu ya upepo

Kati ya mwaka 1911 na 1913 serikali ya Ubelgiji ilijenga mlolongo wa vituo vya simu ya upepo kutoka Boma, karibu na bahari, hadi Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kupitia Stanleyville, yaani Kisangani. Simu ilizaa tabia iliyo kinyume cha ile ya ngoma. Mtumaji alilipia kila neno. Kwa hiyo alifupisha. Makampuni ya biashara katika dunia nzima yalitumia vitabu vya siri ambamo neno moja lilisimama badala ya sentensi nzima. Fedha ziliokolewa, lakini herufi moja ikikosewa, sentensi nzima ilipotea au, vibaya zaidi, iligeuka kuwa sentensi nyingine. Ndipo kanuni za simu zikairudisha ziada iliyokuwa imeondolewa: tarakimu zilirudiwa mwishoni, na mtumaji mwenye shughuli nyeti aliweza kulipa nyongeza ili ujumbe wake usomwe upya kutoka kituo hadi kituo.

Modemu

Mvutano huohuo ulijitokeza upya katika Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1990. Jijini Nairobi, kituo cha mazingira cha ELCI kilikuwa na kompyuta ya mtandao wa FidoNet iliyopigiwa simu na GreenNet kutoka London. Chuo Kikuu cha Makerere kilikuwa na kituo cha namna hiyo, na mradi wa ESANET ulikusudia kuviunganisha vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere, Dar es Salaam, Zambia na Zimbabwe. Barua zilikusanywa, zikabanwa ziwe ndogo, kisha zikatumwa zote kwa mkupuo mmoja. Simu ilikuwa ghali, lakini iliita kwa dakika chache tu.

Katikati ya muongo huo intaneti ya moja kwa moja ilipofika katika miji mikuu ya kanda, mambo yalibadilika. Sasa mtumiaji alikaa kwenye simu muda wote aliosoma, na kila dakika ilihesabiwa. Modemu nazo ziliongezewa kasi: biti 28,800 kwa sekunde kwa kiwango cha mwaka 1994, kisha 56,000 kwa kiwango cha mwaka 1998. Lakini namba hizo zilikuwa ahadi za waya safi. Katika waya uliochakaa, modemu mbili zilizokubaliana mwendo mkubwa zilishindwa kusikilizana, zikasimama sekunde kadhaa ili kuupima waya upya, kisha zikaanza tena. Fundi aliyeiamuru modemu isivuke mwendo fulani wa chini aliyapata mafaili yake mapema kuliko jirani yake aliyeiacha ikimbie.

Mpangilio uliojadiliwa zaidi ni ule wa ukubwa wa pakiti. Windows 95 ilituma pakiti za hadi baiti 1,500, ukubwa unaofaa waya wa ofisini. Watumiaji wengi waliushusha hadi 576. Hesabu yake si ngumu. Kwa biti 28,800 kwa sekunde, pakiti ya baiti 1,500 huchukua takriban sekunde 0.42 kupita, ile ya 576 huchukua sekunde 0.16. Kila pakiti hubeba baiti 40 za anwani na maelekezo. Katika pakiti kubwa mzigo huo haufiki asilimia 3. Katika pakiti ndogo unakaribia asilimia 7. Kwa hiyo pakiti ndogo ilikuwa ghali zaidi kuisafirisha, lakini haikuziba njia kwa muda mrefu, na ikipotea hasara yake ilikuwa ndogo.

Mafundi wengi walidhani kwamba faida yote ilitokana na kelele za waya. Dhana hiyo ilikuwa na ukweli nusu. Modemu za wakati huo zilikuwa na utaratibu wao wenyewe wa kuigawa data katika vipande vidogo, kwa kawaida vya baiti 128, kuvikagua, na kuvirudia vilivyoharibika kabla kompyuta haijajua lolote. Faida kubwa ya 576 ilionekana pale ambapo njia ya mbele haikuweza kupitisha pakiti kubwa bila kuzikata, au pale ambapo mtu alisoma barua huku faili likishuka. Kwingineko faida ilikuwa ndogo, na pengine ilikuwa hasara.

Jambo la kuzingatia ni kwamba modemu hiyohiyo ilifanya kazi mbili zinazopingana. Kwanza ilibana data, yaani iliondoa marudio yasiyo na kazi. Kisha iliongeza alama za ukaguzi, yaani ilitia marudio yenye kazi. Kasi ya kweli ilitokana na kutozichanganya aina hizo mbili za marudio.

Foni

Kisangani yenyewe katika miaka hiyo ilikuwa mbali na starehe ya kuchagua kati ya 576 na 1,500. Mtandao wa simu za waya wa shirika la umma la Zaire, uliokuwa mdogo tangu awali, ulikuwa umechakaa. Watu walikwenda kwenye "foni", yaani redio za masafa marefu zilizowekwa katika vibanda na maofisi. Upande mmoja ulisema, mwingine ukangoja zamu yake. Majina yalirudiwa, kiasi cha fedha kilitajwa mara mbili, na aliyepokea alitakiwa kukariri alichosikia. Mji ulitekwa na majeshi ya AFDL mwezi Machi 1997. Majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana humo Agosti 1999, Mei 2000, na kwa siku sita kuanzia tarehe 5 Juni 2000. Katika hali kama hiyo, jina likisikika vibaya, habari ya msiba ingeweza kupelekwa katika nyumba isiyo yake. Ziada ya maneno haikuwa kupoteza muda.

Funzo kwa lugha

Simu za mkononi zilienea Kisangani katika miaka ya 2000, na modemu ya kupiga simu imebaki historia. Swali lililoachwa na modemu hiyo, hata hivyo, linawahusu wanaisimu. Sentensi "Vitabu vyangu viwili vimepotea" inaitaja ngeli yake mara nne. Mwenye kupenda ufupi ataona mara tatu za bure. Lakini katika redio yenye mikwaruzo, msikilizaji aliyekosa neno la kwanza bado anajua kwamba waliopotea si watoto wawili, wala si nguo mbili. Upatanisho wa kisarufi unafanya katika Kiswahili kazi inayofanana na ile ambayo kirai cha ngoma kinaifanya katika Kilokele, na ambayo alama ya ukaguzi iliifanya katika modemu. Kiswahili cha Kongo hupunguza upatanisho huo mahali pengi. Wanaoupima upungufu huo kwa sarufi sanifu peke yake wangefanya vema kuuliza pia ni kinga gani nyingine, ya toni, ya muktadha au ya kurudia neno zima, imeshika nafasi yake.