Kifafa cha Ufukweni Nyasa: Kutoka kwa Mizimu Hadi kwa Minyoo ya Tegu

Mgonjwa wa kifafa huku kwetu Mbinga na Nyasa hutibiwa kliniki ya afya ya akili, benchi moja na mwenye skizofrenia. Wengi wetu tunaona ndivyo inavyopaswa kuwa, maana tangu zamani kifafa na wehu vimewekwa kapu moja: mizimu imemkasirikia, karogwa, au ukoo una laana.

Mgiriki Hipokrati na wanafunzi wake waliandika takriban miaka 2,400 iliyopita kwamba kifafa ni ugonjwa wa ubongo, si wa miungu. Ukweli huo ulichelewa kumfikia mgonjwa. Wakoloni walipoanza kushughulikia wagonjwa wa akili, jibu lao la kwanza lilikuwa kuwatenga. Kule Lutindi, milima ya Usambara, wamisionari wa Kijerumani waliokuwa wakilea watoto waliokombolewa utumwani waligeuza kituo chao kuwa makao ya wagonjwa wa akili mwaka 1904. Ng'ambo ya ziwa letu la Nyasa, huko Zomba katika Malawi ya leo, wagonjwa waliwekwa kuanzia mwaka 1910 ndani ya eneo la gereza. Hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe, Dodoma, ilifuata miaka ya 1920, na hadi leo jina hilo hutumika kumtukania mtu, jambo linaloniuma.

Mabadiliko yaliyotugusa kwa karibu yalianzia Mahenge, nje ya mkoa wetu wa Ruvuma, upande wa kaskazini. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Louise Jilek-Aall, daktari mzaliwa wa Norway, aliwakuta Wapogoro wenye kifafa wakila peke yao na kulala kwenye vibanda vya pembeni. Wengi walikuwa na makovu ya moto: mtu akiangukia mafiga, waliokuwepo waliogopa kumgusa kwa hofu kwamba mate yake yanaambukiza. Alifungua kliniki akagawa fenobabitali, dawa ya bei nafuu iliyojulikana tangu mwaka 1912. Watu waliokuwa wakianguka kila mara walirudi shambani. Daktari huyo pia aliandika habari za watoto waliokuwa wakiinamisha vichwa mara kwa mara kama wanaosinzia, hali ambayo watafiti sasa wanaihusisha na minyoo inayoenezwa na usubi.

Lakini kwa nini kifafa ni kingi vijijini? Hapo ndipo nguruwe anapoingia.

Mwaka 1855 Mjerumani Friedrich Küchenmeister alithibitisha kwamba vifuko vilivyomo kwenye nyama ya nguruwe hugeuka tegu tumboni mwa binadamu. Miaka ya 1930, madaktari wa jeshi la Uingereza waliwapiga eksirei askari waliorudi kutoka India wakiwa na kifafa, wakakuta vifuko hivyohivyo, vimegeuka chokaa, kwenye misuli; vikikaa kwenye ubongo, huleta kifafa. Kwa hiyo swali la nguruwe lingeweza kuulizwa huku kwetu mapema zaidi, na naona lilichelewa mno.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulifanyika Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga, ukapima nguruwe kwa njia mbili. Njia mojawapo wachuuzi wa nguruwe wanaijua: mnyama analazwa chini, mdomo unapanuliwa kwa kijiti, ulimi unavutwa nje kwa kitambaa, kisha vidole vinapapasa chini yake kutafuta vivimbe vidogo. Kwa ulimi walibainika wachache. Kwa kipimo cha damu, takriban nguruwe mmoja kati ya watatu alionekana ameambukizwa.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: kula kitimoto kisichoiva humpa mtu tegu la tumboni. Kinachopeleka vifuko kwenye ubongo ni kumeza mayai ya tegu, yanayotoka kwenye kinyesi cha binadamu na kufika kwenye mikono, mboga au maji. Muislamu wa Mbamba Bay asiyeonja nguruwe maisha yake yote anaweza kupata kifafa hiki kutokana na choo cha jirani. Na nguruwe mwenyewe huambukizwa kwa kula kinyesi hicho anapozurura.

Si kila kifafa kinatoka huko. Malaria ya ubongo, ajali ya kichwa na uzazi mgumu navyo husababisha. Kutofautisha kunahitaji picha ya ubongo, na zahanati zetu hazina mashine hiyo. Vilevile dawa ya kuua minyoo haifai kunywewa kiholela, kwa sababu vifuko vikifa kwa pamoja ubongo huweza kuvimba.

Wakati huohuo nguruwe yuko chini ya idara ya mifugo, choo kiko kwa bwana afya, na mgonjwa yuko kliniki ya akili. Muuguzi anayeandika jina la mgonjwa mpya wa kifafa amuulize pia kama nguruwe wa kijijini kwao wanafungwa, na jibu lake limfikie ofisa mifugo wiki hiyohiyo.